Mtungi Uliozibwa kwa Lami

Muuza tende wa mtaa huu wa Najma, huku ughaibuni, alipofungua debe la asali ya tende, harufu yake ilinirudisha nyumbani Pwani, siku baba alipokuwa akichimba msingi wa jiko.

Jembe liligonga mtungi wa buluu, mdomo wake umezibwa kwa lami. Mjomba, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, aliupangusa udongo.

"Huu ni wa zama za makhalifa wa Baghdadi," alisema. "Majahazi yao yalileta asali ya tende kwa mitungi kama huu."

Baba akaibandua lami. Asali ilikuwa ingalimo, nyeusi, inanukia kana kwamba imepikwa asubuhi ile. Dadangu mdogo alichovya kidole, akakilamba kabla mama hajamfikia.

"Mama, nani ananiita?"

Hakuna aliyemwita. Mama alimziba mdomo. "Usiitike, mwanangu!"

Baba aliurudisha mtungi shimoni, akaanza kufukia haraka. Dadangu aliusukuma mkono wa mama, akaligeukia shimo.

"Labeka," aliitika, kwa furaha.

Tangu siku ile, kila tulipomwita sisi, hakutuitikia tena.