Kitabu cha Dunia Mbili Jomvu Kuu

Mwezi uliopita nilikwenda Jomvu Kuu harusini. Tulipokuwa tukingoja pilau, binti mmoja akanionyesha kwenye simu yake filamu ya watu wa sayari nyingine. Akanieleza pole pole, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba huenda kuna dunia mbili zinazofanana kwa kila kitu. Nikamwambia, "Mwanangu, hayo nyanyangu aliyatolea hukumu kabla ya uhuru." Akacheka, akidhani namtania. Basi wewe nikueleze, maana ni kweli tupu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mamangu alifariki kwa homa nikiwa bado nanyonya, baba akarudi kwao Lamu akaoa huko, nami nikabaki kulelewa na nyanya, mamake mama. Nyumbani tulikuwa watatu: nyanya, mimi, na mjomba wangu, aliyekuwa karani bandarini Kipevu. Jina la mama halikutajwa mle ndani. Hakuna aliyekataza. Halikutajwa tu, na mimi nikakua nikijua kwamba haliulizwi.

Alfajiri nilikuna nazi, nikafagia ua, kisha nikashika njia kwa miguu hadi skuli Changamwe. Nikirudi mchana, maji yakiwa yamekupwa, harufu ya tope la mikoko ilinipokea kabla sijaiona nyumba. Nyanya angekuwa barazani anasuka ukili wa mikeka, miguu ameinyoosha, na kando yake jirani yetu, mama mmoja Mkristo wa kutoka Rabai, aliyekuja kuuza mihogo akamaliza siku nzima kwa mazungumzo.

Siku moja nilitumwa dukani kununua bizari. Mwenye duka alifungia vitu vyake kwa karatasi kuukuu zilizotoka melini. Nikamwona anachana kurasa za nyuma za kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, na kwenye ukurasa wa mbele macho yangu yakanasa maneno haya: mtu ameshuka mahali penye majua mawili.

"Bwana, nipe hicho kitabu. Nitakuletea magazeti ya mjomba."

"Yote?"

"Yote."

Nikakimbia nyumbani nikayabeba magazeti yote, nikarudi na kitabu nimekifunika kwa leso. Kwa wiki mbili nilikisoma kwa kujificha nyuma ya banda la kuku, kamusi ya skuli magotini. Kilikuwa hadithi ya nahodha wa chombo kinachosafiri angani, mtu aliyefiwa na mwanawe wa pekee. Alifika kwa watu warefu, wenye ngozi ya rangi ya majivu, wasio na midomo, waliosemezana kwa kugusana viganja. Watu hao walikuwa na miji mikubwa na elimu kubwa, na walijua mlango wa kuingilia dunia ya pili, iliyofanana na hii yetu kwa kila kitu ila kimoja: aliyekufa huku, kule hakufa.

Mjomba alipotafuta magazeti yake asiyaone, akapekua nyumba nzima. Chini ya mkeka wangu akakikuta kitabu. Alikijua Kiingereza vizuri. Alisoma kidogo akiwa amesimama, akatoka nacho barazani.

"Watu hawana midomo! Wafu wako hai! Mama, hii ni kufuru, na ndiyo faida ya kumsomesha mtoto wa kike. Skuli basi. Akae nyumbani ajifunze kupika."

Nyanya hakuinua uso. "Wewe umekisoma?"

"Nimesoma kurasa mbili."

"Mimi sijasikia hata moja. Mwache anisomee nisikie, kisha nitasema. Mpaka hapo, na akae."

Basi wiki ile sikwenda skuli. Kila siku baada ya sala ya adhuhuri nyanya aliniita, "Ndoo hapa, kaa kitako," nami nikamsomea, nikigeuza kila sentensi kwa Kiswahili kadiri nilivyoweza. Haikuwa kazi nyepesi. Kila nilipokwama niliona mlango wa skuli unafungwa.

Jirani wa Rabai naye hakukosa hata siku moja. "Wasio na midomo, hula vipi?" aliuliza.

Nikamwambia kitabu kinasema ngozi zao hunywa mwanga wa jua, wakashiba.

"Basi hawana jiko," akasema, akaguna kwa wivu. "Wanawake wa huko wamepumzika."

Nyanya hakucheka. Siku ya tatu, nilipofika kwenye habari ya ule mlango, mikono yake ikasimama juu ya ukili. "Rudia hapo," akasema. Nikarudia. "Tena." Nikarudia tena.

Siku ya tano nahodha alipita mlangoni. Alifika mbele ya nyumba iliyo kama yake, akasimama nje, akamsikia mwanawe anaimba ndani. Nikafungua ukurasa unaofuata, haupo. Sehemu yote ya mwisho ilikuwa imekwisha kwenda na bizari za watu. Nilijua hilo tangu mwanzo, na bado sikuwa nimejiandaa. Niliinua macho nikamwona nyanya ananitazama kwa namna ambayo sikupata kumwona akitazama kitu. Nikayarudisha macho kwenye karatasi, nikaendelea kama ninayesoma: akaingia, mtoto akamrukia, wakakaa pamoja kwa raha mpaka mwisho.

"Uongo," akasema nyanya.

"Yule mtoto kule ana babake, au hana?"

"Anaye, nyanya."

"Basi huyu akiingia, yule baba mwenyewe aende wapi?"

Machozi yakanitoka. "Kurasa zimekwisha, nyanya. Hayo nimeyatunga mimi."

Hakukasirika. Akasema, "Hangeingia. Angesimama dirishani, amtazame akila, amtazame akicheka, ajue kwamba ni mzima. Kisha arudi kwake, maana na kwake kuna wanaomngoja." Akanivuta karibu. "Mamako alikuwa akicheka mpaka akaketi chini."

Jirani akachukua kapu lake taratibu, akaenda zake.

Nyanya akasema mpaka alasiri. Kwamba mama alichukia kupara samaki. Kwamba alipenda maembe mabichi kwa pilipili, akila mpaka meno yakafa ganzi. Kwamba usiku wa kwanza nilipozaliwa hakunilaza chini, alinipakata mpaka asubuhi, akisema ananizoea.

Mjomba aliporudi kazini, nyanya alimwambia, "Kitabu nimekisikia. Hakina kufuru. Kina mtu aliyefiwa. Mtoto aende skuli Jumatatu, na akuombe radhi kwa magazeti yako."

Nikambusu mkono, nikaomba radhi. Mjomba hakubishana na mamake. Ila alipokuwa akinawa, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Na hao wasio na midomo, walikuwa wakila nini?"

Mwaka mmoja au miwili baadaye alikuja na gazeti mkononi, mbio mbio: mtu ameruka angani, ameizunguka dunia, amerudi mzima. Nyanya akauliza, "Amefiwa na nani?" Mjomba akasema hakufiwa, ametumwa na serikali yake. Nyanya akaendelea kusuka.

Uhuru ulipoingia nilikuwa chuo cha ualimu. Nyanya aliuona uhuru, mwaka uliofuata hakuumaliza. Mjomba alifuata miaka mingi baadaye, na yule jirani alizikwa kwao Rabai. Nyumba ile ya makuti haipo, pamejengwa ghorofa, na sijui kama Jomvu nzima yuko anayesuka ukili.

Waliomjua mama wamekwisha wote. Siku hizi watoto wa ukoo wakitaka kujua alikuwa mtu wa namna gani, huletwa kwangu mimi, ambaye simkumbuki hata sura. Nawaambia alichukia kupara samaki, na akicheka huketi chini. Wakiniuliza zaidi, nawaambia sina. Ule usiku alionipakata nauweka wangu.