Nyimbo za Mzee Lugata Zilipogoma Kufunguka

Nakumbuka siku moja pale Mabatini, mwanangu, nikiwa kijana niliyetoka kumaliza kidato cha nne, nikijiona nimeimaliza elimu yote. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa kutoka nyumbani Kiseke kwenda kazini, na jioni nilirudi mbio kama kuku anayeogopa kufungiwa nje. Lakini nikikaa mbele ya kompyuta, nilijihesabu kuwa mtu wa safari.

Tulikuwa tunachapa kadi za harusi na vitabu vya kwaya. Ofisi ilikuwa ya Mama Nyanzala, mjane anayecheka kwa mabega. Biashara za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa, kila mtu anafungua duka. Wenzake walikimbilia mitumba, yeye akanunua kompyuta.

Mzee Lugata, mwalimu wa kwaya kutoka Kisesa, alikuwa akija kuniimbia nyimbo zake nami nazichapa. Hakuwahi kuziandika popote, na alikuwa ameanza kusahau. Nyingine aliniimbia leo, kesho akaniuliza ni za nani. Basi kompyuta ile ikafa. Fundi akachomoa diski yake, akaifunga kwenye kompyuta mpya. Mafaili yote yakaonekana, majina yake hayo hapo. Ukifungua, jibu ni moja: huna ruhusa.

Sikutishika. Binamu yangu aliyekuwa chuo Dar alinipa sidii yenye programu za Unix, zile za kuandika amri kwenye kidirisha cheusi, zilizotengenezwa ziweze kutumika ndani ya Windows. Nikaandika chmod, amri ya kugawa ruhusa: wote wasome, wote waandike, hata mbuzi akitaka apite. Haikulalamika. Nikaiuliza, ikanionyesha kwamba wote wameruhusiwa. Nikafungua faili: huna ruhusa. Nikarudia kwa herufi kubwa, kana kwamba mashine ni kiziwi. Ikanijibu kwamba amri hiyo haiijui.

Mzee Lugata akaingia. Nikamwamkia.

"Marahaba. Zimetoka?"

"Bado kidogo, babu."

"Kama zimepotea nikuimbie upya." Midomo ikaanza kutafuta maneno. "Ule wa kupalilia pamba. Unaanzaje ule?"

Nikaigeukia kibodi, nikaigonga tena.

Mama Nyanzala akavuta kigoda. "Wewe, hiyo kibodi imekukosea nini tangu asubuhi?"

Nikamweleza. "Nimeruhusu watu wote, mama, lakini inakataa."

"Umeruhusu kama nani?"

"Kama mimi."

Mabega yakaanza. "Nilipoolewa, kaka yangu alikuja kunitembelea. Nikamwambia ingia ukae. Akagoma, akasimama nje ya ua wa minyaa mpaka baba mkwe alipotoka kumkaribisha. Nililia, nikadhani amenichukia. Kumbe ni mimi, nimelala usiku mmoja kwenye kaya ya watu, tayari nakaribisha wageni. Hizo programu zako zimekuja lini?"

"Juzi."

"Haya. Mwenye kaya ni nani?"

Hapo nikaelewa, tena kwa aibu. Programu zangu zilikuwa wageni ndani ya Windows. Ziligawa ruhusa zao wenyewe, na Windows ilikuwa na zake. Kwenye mafaili yale bado ilimtambua mmiliki wa ile mashine iliyokufa. Wa kumbadilisha alikuwa msimamizi wa mashine, na neno lake la siri alikuwa nalo Mama Nyanzala. Tangu asubuhi sikuwa nimemwomba, nisije nikaonekana sijui.

Sasa nikamwomba. Akaliandika kwa kidole kimoja, ameziba kwa kanga nisione. Nikafunga kidirisha cheusi, nikaingia kwenye mipangilio ya Windows yenyewe, nikaiandikisha folda kwa jina la msimamizi, kisha kwa mamlaka yake nikajiandikia ruhusa. Faili la wimbo wa kupalilia pamba likafunguka. Mzee Lugata akasogeza uso hadi karibu na kioo, akasoma taratibu, kisha akaanza kuufuatisha wimbo kwa sauti ya chini.

"Kumbe unaanza hivi," akasema, akauimba mpaka mwisho.

Basi mwanangu, wewe unayeiweza mashine kuliko mimi, ukijibiwa kwamba huna ruhusa, usipige kelele pale pale ulipokataliwa. Tafuta kwanza ni nani anayemiliki kitu hicho na nani ana mamlaka juu yake, umwendee ukaombe. Wala usione haya kuomba. Haya yangu nusura impokonye mzee nyimbo zake.

Mungu akupe milango inayofunguka, na kwa ile iliyofungwa akupe mtu wa kukucheka kwa upendo huku anakufungulia.