Kabla Hujaitoa Diski ya Zamani

Wakati wa vita, mwanangu, nilikuwa kijana mwepesi wa bisibisi. Nilikuwa najifunza kazi kwa Mzee Ramazani, fundi wa redio hapa Kasuku. Siku moja tukaletewa kompyuta ya mkononi ya zahanati moja ya Alunguli, mtumba uliokwisha kuchoka kabla ya kutufikia. Daktari alitaka tuiongezee memori na kuiwekea diski kubwa zaidi, vyote tuvitoe kwenye nyingine iliyokufa kioo. Alituletea chupa ya petroli ya jenereta, na petroli wakati ule ilikuwa adimu, maana barabara zote zilikuwa zimefungwa.

Memori niliiweka, mashine ikaikubali. Nilipotaka kuizima ili niitoe diski ya zamani, akaingia Mama Anifa. Mumewe alikuwa mlinzi wa zahanati ile. Aliuawa kwenye njia ya Lokandu, na nyumba yao ikaungua na kila kilichokuwamo. Picha yake moja tu ilibaki, aliyopigwa kwa kamera ya mgeni, nayo ilikuwa ndani ya kompyuta hiyo.

"Baba, Anifa alizaliwa nyuma ya kifo ya baba yake, hakumuona hata siku moja," alimwambia Mzee. "Munitolee ile foto."

Nikadakia kwamba diski haiendi popote, picha tutaitafuta siku nyingine, petroli inakwisha. Mzee Ramazani akanitazama mpaka nikaweka bisibisi chini.

"Weye, unasikia namna inalia? Hii diski iko muzee. Ukiizima, pengine haitaamuka tena. Toa foto kwanza."

"Na daktari?"

"Daktari nitasema naye miye."

Nikaitafuta huku nimenuna, sikufichi. Nikainakili kwenye disketi, na haukupita muda jenereta ikazimika, na mashine nayo, maana betri yake ilikuwa imekufa zamani. Tulipopata petroli nyingine tukaijaribu tena diski ile: ikagonga kidogo, ikanyamaza moja kwa moja.

Picha ilikuja kuchapwa baada ya vita. Mama Anifa aliitoa kwenye bahasha mbele yetu, na binti yake akaishika kwa mikono miwili, akaitazama sana.

"Masikio njo yangu," akasema, akiyagusa ya kwake. Mama yake akacheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikatoka nje.

Leo wewe unafungua laptopu za mitumba kila siku, na diski za kisasa zinazifanya ziamke upesi. Nafurahi. Ila usiagize kipande kwa kuliamini jina lililo juu ya kifuniko, maana nyingi zimeungwa kwa viungo vya mashine nyingine. Fungua uone kwanza. Betri itoke kabla hujagusa kitu. Memori ikigoma kuingia usiilazimishe, hiyo si yake. Na kabla ya hayo yote, muulize mwenye mashine kuna nini humo asichoweza kukipata mahali pengine. Kinakili, kifungueni kwenye kompyuta nyingine, akione kwa macho yake. Akikuharakisha, mwache akasirike. Hasira zake utazivumilia. Uso wa mtu ukishapotea, huna pa kuuagiza.

Mungu aitulize mikono yako, mwanangu, na kila anayekuachia kitu chake arudi akikute.