Mishi na Chuo cha Upishi

Mejumaa wa Majengo alimpeleka bintiye Mishi kutazama chuo cha upishi huko Tononoka. Alipoyaona majiko makubwa na mafuta yakichemka, moyo ulimwenda mbio. Mishi alikuwa na kifafa, na mwezi uliopita alianguka jikoni kwao.

"Twende zetu, mwanangu. Utasomea ushonaji, huko hakuna moto."

"Mama, mimi nataka kupika." Mishi akamgeukia mwalimu aliyekuwa akiwatembeza. "Mwalimu, mimi hushikwa na kifafa. Nikianguka, zimeni moto, nilazeni ubavu, wala msinitie kijiko mdomoni."

Mwalimu aliwaita wanafunzi wote, akamwomba Mishi arudie wasikie. Kisha akamwonyesha meza ya kuandalia keki, mbali na majiko, ambapo angejifunzia.

Mejumaa alitia sahihi fomu ya kujiunga. Hofu haikumtoka; njia nzima ya kurudi nyumbani hakumwachia bintiye mkono.