Pasua Firigisi Kabla ya Kumtaja Jirani

Sijaisahau asubuhi ile hapa hapa Rasbura, mwanangu, na tangu jana uliponijia na vifaranga wako waliokufa ukaniuliza nani anakuonea kijicho, imenirudia yote na hasira zake. Kaa. Shikamoo yako nimeiitikia, sasa nisikilize.

Nilikuwa bi harusi, hata hina haijafifia miguuni. Wifi yangu Zuhura, dada wa mume wangu, alikuwa na ua wa saruji, anaupiga deki asubuhi na jioni. Kokoto ikiingia anaitupa nje ya ukuta. Humo ndimo alimofungia vifaranga wake wa kienyeji, kawatenga na mama yao wasije wakachafuka na vumbi la njiani. Kuchafuka! Kuku! Chakula chao kilikuwa chenga za mchele na majani, na juu yake makombe ya chaza aliyoyatwanga kinuni, maana alisikia kombe ni dawa ya kuku.

Nyumba ya pili alipanga Mama Skola, Mmakonde wa upande wa Mtama, akiuza maandazi kibarazani. Siku moja alichungulia uani akacheka kwa furaha, "Vifaranga wazuri hawa, wamenona!" Basi. Hakusema mashaallah. Angesemaje, naye ni Mkristo, wala hakukulia kwetu? Vifaranga walipoanza kuzubaa, mbawa chini, gole limevimba shingoni, wakafa mmoja baada ya mwingine, Zuhura hakujiuliza wamekula nini. Alikwenda bombani, kwenye foleni ya ndoo, akatangaza, "Yule mwanamke ana jicho."

Wallahi, damu inanichemka mpaka leo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mtaa mzima ulikuwa unangoja wa kuifunga hiyo kamba. Maandazi ya Mama Skola yakalala. Mwenye nyumba, mtu mzima na ndevu zake, akamwambia atafute pengine. Mwanamke ana watoto, anaambiwa ahame kwa sababu kasifu kuku! Nami ndiye mgeni wa nyumba ile, bi harusi, nimekaa kimya na upande wa kanga mdomoni.

Mama mkwe alikuwa Kilwa msibani. Aliporudi akahadithiwa mlangoni, hata baibui hakuvua.

"Yuko wapi aliyekufa leo? Leteni kisu."

Akampasua pale pale kwenye saruji inayong'aa, akatoa firigisi, akaigawa katikati. Ndani majani yamejisokota kama kamba, chenga ziko nzima nzima hazijasagwa, na jiwe hakuna hata moja.

"Zuhura, njoo umwone mchawi wako."

"Lakini mama, mimi nawapa makombe..."

"Kombe ni la kuku anayetaga! Hawa wanataga? Kombe likifika tumboni linayeyuka, litasaga nini? Kuku hana meno. Meno yake ni changarawe, na wewe umezifagia zote. Umewaua kwa fagio lako, halafu unamsingizia mtoto wa watu!"

Zuhura akampelekea Mama Skola jogoo, mambo yaishe kimyakimya. Jogoo akarudishwa. "Kuku wake simtaki," alisema Mama Skola. "Aje aseme pale bombani, kwa mdomo ule ule." Mama mkwe akasema ni haki yake. Zuhura akaenda, akasema mbele ya watu na ndoo zao, na Mama Skola akamsamehe. Lakini chumba kilikuwa kimeshapata mpangaji mwingine. Wiki ile ile alifunga mizigo yake, akarudi Mtama na wanawe. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu.

Sasa wewe, na sakafu yako ya marumaru. Kifaranga akishaanza kula nafaka au majani, mwekee kisahani cha changarawe laini, chembe ndogo kama ulezi, ya mtoni, si mchanga wa pwani uliojaa chumvi. Au mwache na mama yake aparue ardhini, atajiokotea mwenyewe. Makombe ngoja mpaka matetea yako yaanze kutaga, na hapo yaweke katika chombo chake peke yake, kila mmoja ale anavyohitaji. Ukiyachanganya katika chakula cha vifaranga unawaharibu figo. Na si kila kifo ni changarawe. Kuna mdondo na mengine, na bwana mifugo yupo, muulize. Akifa kuku, pasua uone, kisha nawa mikono kwa sabuni. Kikulacho ki nguoni mwako, tafuta humo kwanza.

Jana ulinitajia jina la mtu. Nililisikia, nikanyamaza, maana ningekuchapa na ukubwa wako huo. Umelisema kwangu tu, hujafika nalo bombani, basi mshukuru Mungu, na likomee hapa kwenye mkeka huu. Kuku utapata wengine, hata kesho. Jirani uliyemfukuza kwa ulimi humrudishi kwa jogoo.

Mola akujaalie banda lenye kelele, mayai ya kula na ya kugawa, jirani wa kukujulia hali ukiugua, na ulimi mzito. Sema amina. Haya, inuka ukatafute changarawe.