Mlango Namba Elfu Tano

Nilianza kujifunza kuandika programu katika umri ambao wenzangu wanajifunza kukaa kwenye vikao vya ukoo. Nauza kava, chaja na vioo vya simu Nkende, hapa Tarime. Kibanda changu kinajulikana kwa mambo mawili: bei haishuki bila maneno mengi, na chenji naihesabu mara mbili, mara ya kwanza mbele yako na ya pili ukishaondoka. Programu nilizifuata kwa sababu ya binti yangu, na yeye ndiye aliyekuwa mwalimu.

Binti yuko Kisaka kwa bibi yake, mama wa marehemu mke wangu. Tulipomaliza matanga mama mkwe aliomba abaki na mjukuu, nami sikubisha. Mahari nilikuwa nimetoa yote, mpaka ng'ombe wa mwisho, kwa hiyo kwa desturi yetu mtoto ni wa kwangu. Lakini alikuwa bado wa kufungwa kamba za viatu, na mimi nashinda kibandani. Nikasema akae mpaka akue. Sasa yuko kidato cha tatu, na nilitaka arudi. Shule Nkende zipo, na chumba nilikuwa nimeongeza. Kilichobaki ni kumuuliza yeye mwenyewe kama anataka, bila watu kusikiliza.

Hapo ndipo penye shida. Simu ya pale ni ya bibi. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawashikani mikono. Nikienda Kisaka nasimama nje ya uzio, na salamu za mama zinanifikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Nikipiga simu akapokea yeye, wote wawili tunanyamaza kwa heshima mpaka salio linakwisha. Nikituma ujumbe unasomwa kwa sauti mbele ya wajomba, na mmoja wao ana tabia ya kujibu.

Siku moja binti akanipigia mwenyewe kwa simu ya bibi, sauti za wajomba zikisikika nyuma. Huniita tata, yaani baba kwa Kikurya.

"Shikamoo tata."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Klabu ya kompyuta wametupa kazi. Tuandike programu mbili zinazoongea kwenye intaneti. Moja inasubiri, nyingine inabisha hodi. Mimi nitabisha."

"Na atakayesubiri ni nani?"

"Si wewe? Wewe una intaneti ya nyumbani."

Kazi ya kusubiri nilikuwa na uzoefu nayo, nikakubali.

Mistari ya programu akanitumia kwa simu ya bibi. Mjomba hakuelewa hata mmoja, na kwa mara ya kwanza hakujibu. Nikainakili kwenye laptop yangu ya mtumba niliyoinunua Sirari, herufi kwa herufi, halafu nikairudia yote kuhakiki, maana mabano yakizidi moja mashine inagoma kama punda. Ilipokubali, nikawasha programu zote mbili humo humo, ya kubisha na ya kusubiri, nijaribu.

"Hujambo," nikaandika upande mmoja.

"Sijambo," nikaandika upande wa pili.

"Umeshindaje leo?"

Sikujijibu. Nikafunga laptop, nikaenda kununua mkate.

Binti alipojaribu kutoka Kisaka, kwa laptop aliyoazimwa na klabu na intaneti ya simu ya bibi, hakuna kitu. Akabisha, programu yangu ikakaa kama haijasikia. Akasoma vitabu vyake, akanieleza. Kumbe ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, ni kama uzio wa boma. Ndani kuna vifaa vingi, nje inaonekana anwani moja tu, na mgeni akija ruta haijui anamtaka nani, inamrudisha. Inabidi uiambie mapema: atakayekuja kwa mlango namba elfu tano, mpeleke kwenye laptop. Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta, nikaweka amri hiyo, nikaisoma mara mbili. Akabisha tena. Kimya.

Aliyegundua ni yeye. Akaniambia nilinganishe anwani iliyoandikwa ndani ya ruta na ile inayoonekana nje. Zilikuwa tofauti. Maana yake kampuni iliyotuletea intaneti ilikuwa imetuweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mimi nilikuwa nimefungua mlango wa chumba, na geti la nje lina kufuli, na funguo anazo mtu mwingine.

Nikaenda ofisini kwao. Fundi alikuwa mtu wa makamo, ana kijiko mkononi, anakula maharage.

"Anwani ya peke yako tunawapa makampuni, mzee."

"Na mimi ni kampuni."

"Wafanyakazi wangapi?"

"Nikiwepo, mmoja."

Akacheka hadi akaweka kijiko chini. "Unaitaka ya nini?"

"Nina mgeni anashindwa kufika."

"Nitakupa mwezi mmoja wa majaribio. Ukiisha, unalipia."

"Mitatu."

"Hii si kava ya simu, mura," akasema, yaani kijana, ingawa alishaniita mzee.

"Miwili basi."

"Mmoja."

"Mmoja, lakini uniwekee leo."

"Leo nina kazi Sirari."

"Nitakusubiri hapa hapa," nikavuta kiti. Akaniangalia, akaangalia sahani yake, akaona hatamaliza chakula kwa amani. Akaniwekea.

Nilirudi nyumbani nikawasha programu. Hata chai haijachemka, kioo kikaandika: mgeni amefika. Nikakaa sawa, nikaandika, "Karibu." Mgeni akaondoka bila neno. Akaja mwingine. "Karibu, shida gani?" Naye akaondoka. Mpaka jioni walikuwa wamepita wengi, na nilimkaribisha kila mmoja, maana hujui. Nikampigia fundi.

"Hizo ni mashine, mzee. Zinazunguka dunia nzima zinajaribu milango."

"Zinatafuta nini?"

"Mlango ambao mwenyewe amejisahau."

"Na mimi nilikuwa nazisalimia."

"Hata mimi siku ya kwanza nilizisalimia," akasema. Sijui kama alikuwa ananifariji.

Binti akaongeza mistari ya kuuliza neno la siri kwanza. Tukachagua jina la ng'ombe mmoja wa Kisaka. Kuanzia hapo wageni wakakwama nje na kioo kikatulia. Siwezi kusema niliwakumbuka, lakini kwa siku nzima walikuwa wamefika watu, hata kama hawakuwa watu.

Kesho yake, jua likiwa bado halijazama, kioo kikaandika: mgeni amefika, neno ni sahihi.

"Shikamoo tata. Ni mimi."

Nikasoma mara mbili. "Marahaba. Karibu."

"Imekubali!"

"Imekubali. Mmeshindaje huko?"

"Salama. Mvua imenyesha. Mbuzi mmoja amezaa."

Swali langu nilikuwa nimelipanga tangu asubuhi kama mtu anayepanga bei ya kuanzia. Nikaandika, "Mwanangu, kuna jambo nataka kukuuliza."

"Subiri tata. Bibi yuko hapa. Anataka kusema."

Mikono ikatoka yenyewe kwenye laptop. Mama mkwe hajawahi kuniambia neno lolote moja kwa moja tangu nilipooa. Lakini hapo hapakuwa na uso wala mkono, na mtu wa kati alikuwepo, mjukuu wake, anageuza Kikurya kuwa Kiswahili na kuandika. Nadhani mama aliiangalia ile mashine akaona haivunji desturi yoyote.

Maneno yakaja polepole.

"Bibi anasema, nimesikia umeongeza chumba. Anasema, mahari ulimaliza, ukija kumchukua hakuna atakayekuzuia. Anasema, ila huyu ndiye anayelala na mimi. Ndiye anayenisomea dawa ipi ya asubuhi na ipi ya jioni. Anasema, wanangu wa kiume wana wake zao. Wewe una mji mzima unaopita mbele ya kibanda chako."

Biashara imenifundisha kwamba kila bei ina jibu. Mji mzima unapita kweli, unauliza bei ya chaja, unakwenda zake. Hilo ningeweza kumwambia. Nikaliandika, nikalifuta. Kubishana na mama mkwe kwa mdomo wa mtoto mwenyewe anayebishaniwa, hapana.

Nikaandika, "Mwambie mama nimesikia. Abaki mpaka amalize shule."

Halafu: "Bibi anasema asante, baba. Anasema Mungu akubariki."

Halafu tena: "Tata, uko?"

"Niko."

"Bibi ametoka. Ameenda kuangalia mbuzi. Niko peke yangu. Ulitaka kuniuliza nini?"

Sasa hapakuwa na mjomba, wala bibi, wala mtu yeyote kati ya Nkende na Kisaka. Swali lilikuwa vidoleni. Lakini neno nilikuwa nimeshalitoa. Akisema hataki kuja, nitalala nalo. Akisema anataka, nitalala nalo vibaya zaidi, na yeye pia.

Nikaandika, "Nilitaka kujua alama mtapewa lini."

"Ijumaa, tata."

"Vizuri," nikaandika. "Usome."