Rasi Inaanzia Wapi

Nimezaliwa Mazwi, Sumbawanga mjini, ambako maji mengi niliyoyajua utotoni ni yale ya mitaroni wakati wa masika. Bahari nimeiona kwenye kalenda. Lakini nafundisha Kiingereza sekondari, na kwa watu wa ukweni kwangu, anayefundisha Kiingereza anatakiwa ajue kila kilichoandikwa kwa lugha hiyo, kuanzia dawa ya mifugo mpaka mwongozo wa injini ya boti. Nimechoka kuwaeleza kwamba sivyo.

Likizo ya Juni, baridi ya mjini iliponizidi, nilipita Matai nikateremka mpaka Ziwa Tanganyika kwa mama mkwe. Kule chini kuna joto, na mama mkwe ana kazi muda wote. Hununua dagaa wabichi alfajiri, huwaanika mchangani, na wakikauka hupandishwa kwenda kuuzwa Sumbawanga. Hana shamba wala duka. Ule mchanga ndio kila kitu chake.

Siku ya pili yangu pale, bwana samaki, yaani afisa uvuvi, aliitisha mkutano mwaloni, kwenye ufukwe ambao boti hushushia samaki. Alikuwa amehamia karibuni, kijana mpole, amebeba ramani na kopo la rangi nyeupe. Sehemu ya ziwa na ufukwe wake itafungwa, alisema, ili samaki wazaliane. Hakuna kuvua humo, hakuna kushusha, hakuna kuanika. Eneo lenyewe linaishia kusini kabisa, pale mto unapoingia ziwani, na linaanzia kwenye 'headland'. Neno hilo wafadhili wa mradi waliliandika kwa Kiingereza, naye akalisoma vilevile.

"Mwalimu yupo," mwenyekiti wa kijiji akasema. "Atatuambia."

"Rasi," nikasema haraka, maana niliikumbuka kwenye Jiografia.

Mzee mmoja akauliza rasi ndiyo kitu gani. Niligundua kwamba watu wale, waliozaliwa katikati ya rasi, hawana haja na neno hilo. Kila moja ina jina lake, kama watoto wa mtu, na nani anamwita mwanawe "mtoto" wakati jina analo? Basi nikanyoosha kidole kuelekea kusini, ambako nchi kavu inachomoza majini. Inaanza na shingo ya mchanga, chini kabisa, kisha inapanda polepole mpaka miamba mirefu ya kule mbele.

"Rasi ni ile pale."

"Ile yote, au miamba tu?" akauliza mwanamke mmoja.

Hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu kwenye ile shingo ndipo mama mkwe anapoanika dagaa. Kama rasi ni miamba, mchanga wake umepona. Kama ni ile yote, umefungwa.

Nikatoa simu, nikafungua kamusi. Ya kwanza ilisema ni kipande cha nchi kilichoingia baharini. Baharini! Sisi tuko ziwani; je, ziwa linaruhusiwa kuwa na 'headland'? Ya pili ilisema ni nchi ya juu yenye ukingo mkali, na mchanga wa mama haukuwa juu ya chochote. Kamusi moja inamnyang'anya, nyingine inamrudishia. Nikaisoma mifano. Kila mahali watu walikuwa majini: meli inaizunguka, nahodha anaiona kwa mbali, upepo unabadilika wakishaipita. Hakuna hata mmoja aliyesimama nchi kavu akauliza inaanzia wapi. Wenye lugha yao walijua inapoishia tu.

"Mwalimu, 'headland' si ni 'headland' tu?" bwana samaki akanihimiza. Nilitamani kumpiga kwa kopo lake.

Mama mkwe alikuwa ameketi na wenzake, ananitazama bila kuniomba chochote. Afadhali angeniomba. Nikisema miamba, watu watasema nimempendelea. Nikisema yote, nitarudi Sumbawanga nimwambie nini mume wangu? Nikaona nisome tu kilichoandikwa: ni nchi iliyoingia majini.

"Haijaingia, mwanangu," mama mkwe akasema, taratibu, bila kusimama. "Ile haijakwenda popote. Maji ndiyo yaliyotufuata."

Akaeleza, na wenzake wakawa wanaitikia. Ile ninayoiita rasi ilikuwa mlima wa nyuma ya jiko lake, alikokuwa akipanda kuokota kuni. Mbele yake kulikuwa na uwanda na nyumba, mpaka miaka hii ya karibuni ziwa lilipojaa likapanda. Nilikuwa nimesikia kwamba maji yalipanda na watu wakahama. Sikuwahi kufikiri walihama kutoka wapi. "Nyumba yangu iko pale," akasema, akionyesha boti lililokuwa limetia nanga, "chini ya lile boti."

Bwana samaki akaigeuza ramani yake juu chini, kama ingesaidia.

"Mwalimu, sasa?" mwenyekiti akauliza.

"Sijui," nikasema. Nililisema mbele ya wakwe zangu wote, nikaona aibu, na papo hapo nikahisi mzigo umenitoka.

Lakini bwana samaki alitakiwa kuacha alama na kupeleka picha. Akaenda kwenye ile shingo na kopo lake, sisi nyuma. Mchanga haupakwi rangi. Akatafuta jiwe, hakuna. Akasogea, akasogea tena, mpaka mwamba wa kwanza, akachora mstari mweupe na kuupiga picha kwa simu. Basi, rasi ikaanzia hapo. Baadhi ya watu walipiga makofi, na mimi nikapiga, sijui kwa lipi.

Alasiri nilimsaidia mama kugeuza dagaa.

"Kwa hiyo hapa nilipo ni nje ya hicho Kiingereza?"

"Uko nje, mama. Hawatakugusa."

"Ahsante, mwanangu." Akageuza dagaa kidogo, kisha akaliangalia lile boti. "Na pale ilipo nyumba yangu, Kiingereza wanapaitaje?"

Mume wangu alizaliwa kwenye nyumba ile. Nikainama kuendelea na dagaa.